Kipindi cha dirisha ni nini (au kwa nini umepima jumatatu ila bado hujapima)

Mtu kalala na mtu jumamosi usiku, kondomu imepasuka au haikuwepo kabisa, jumatatu asubuhi yuko maabara kanyoosha kidole anachomwa, robo saa baadae kijiti cha kupima ukimwi kinaonyesha mstari mmoja pale kwenye C, anatoka nje anatuma meseji "niko fiti". Shida ni kwamba kile kijiti hakijasema lolote kuhusu jumamosi, kimemjibu mambo ya kama miezi mitatu nyuma huko.

Hicho ndo kipindi cha dirisha, yaani muda kati ya siku ugonjwa unaingia mwilini na siku kipimo kinaanza kuuona. Upo tayari ila hauonekani. Kijiti cha kidole hakitafuti kirusi cha ukimwi chenyewe, kinatafuta kingamwili, wale askari ambao mwili unawatengeneza baada ya kuvamiwa, na mwili hauwatengenezi kwa siku mbili. (Ule mstari wa C wenyewe upo tu kuonyesha kwamba kijiti ni kizima, usipotokea basi majibu hayo si majibu, rudia.)

Sasa dirisha linategemea umepimwa na nini. Kijiti cha kidole kinaanza kuona kati ya siku 23 na 90. Damu ya mshipani ikipelekwa maabara kwa kile kipimo kinachotafuta kingamwili pamoja na vipande vya kirusi, siku 18 hadi 45. Kinachotafuta vinasaba vya kirusi moja kwa moja ni siku 10 hadi 33, ila hicho hupewi kirahisi. Na usichanganye, kutoonekana sio kutoambukiza, wiki za mwanzo kirusi kinakuwa kingi sana kwenye damu kwahiyo mtu anaweza akawa na karatasi ya negativu mfukoni na huku anaambukiza.

Ila yule wa jumatatu hakukosea kwenda, kakosea alichoenda kuomba. Ndani ya masaa 72 kuna dawa za kuzuia kirusi kisijijenge, zinaitwa PEP, unameza siku 28, na zikianza mapema ndo bora. Hiyo ndo alitakiwa aitaje pale mapokezi badala ya kuulizia kijiti tu.

Magonjwa mengine nayo yana dirisha lake. Klamidia na kisonono subiri kama wiki mbili, unatoa mkojo, na hapa watu wanaharibu sana: usikojoe kama saa moja kabla, na unaotakiwa ni ule wa mwanzo kabisa, sio wa katikati kama wa UTI. Kama mlitumia mdomo au nyuma sema, maana mkojo hauwezi kuona kisonono kilichokaa kooni, hapo wanapitisha kijiti cha pamba. Kaswende ni damu, inaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuonekana, na kidonda chake hakiumi na kinapona chenyewe hata usipotibiwa, watu wanafurahi kumbe ugonjwa umeingia ndani zaidi.

Kusubiri dalili ndo usiseme. Shirika la Afya Duniani linakadiria maambukizi mapya zaidi ya milioni 1 kila siku kwa watu wa miaka 15 hadi 49, na hapo ni yale manne tu yanayotibika (klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi), na mengi hayaonyeshi dalili yoyote.

Alafu akikwambia "nimepima kila kitu", muulize kila kitu ni nini na lini. Mara nyingi ni ukimwi tu. Malengelenge ya sehemu za siri huwa hayapimwi kama huna vidonda, na HPV (kile kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi) kwa mwanaume haina kipimo cha kawaida kabisa. Mi naona swali la lini ndo zito kuliko yote, hata nesi mwambie tarehe bila aibu, keshasikia makubwa kuliko hayo yako.

Kwahiyo yule wetu, kama hakupewa PEP (akipewa atapangiwa ratiba yake), mkojo atoe baada ya wiki mbili, na damu ya ukimwi na kaswende arudie siku ya 90, na kondomu zinaendelea hadi siku hiyo.