Alifu kwa Kijiti: Yanayosemwa Kuhusu Kujifunza Bharatanatyamu, na Yalivyo

Niliporudi Tanga kutoka Chennai, India, shangazi yangu alitaka kujua mambo mawili tu: kama shahada nimeipata, na ile ngoma ya Kihindi niliyokuwa nikimsimulia kwenye simu ni ipi hasa. Nikamwambia bharatanatyamu. "Aa, si ile ya Hema Malini?" Sijajibu, ameshasimama, shingo inakwenda kushoto na kulia, mkono kiunoni, khanga inamdondoka.

Hakukosea sana, na ndiyo maana dhana hii ni ngumu kuing'oa. Hema Malini, nyota wa sinema za Kihindi, kweli amesomea bharatanatyamu, na kabla yake Vyjayanthimala. Watu wa pwani waliojaza majumba ya sinema enzi hizo walikuwa wakitazama miguu iliyosomeshwa. Ila sinema huokota huku na kule: hatua mbili za bharatanatyamu, mzunguko wa kathaki, mabega ya bhangra, kisha kamera inakata kabla mchezaji hajahema. Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya India ya sanaa za maonyesho, inazitambua ngoma 8 za klasiki, kila moja na kwao: bharatanatyamu ni ya Watamil wa kusini, kathaki ya kaskazini, kathakali na mohiniatamu za Kerala, kuchipudi ya Andhra, odisi ya Odisha, manipuri ya Manipur, na satriya ya Assam iliyoongezwa mwaka 2000. Mtu akikwambia anafundisha "ngoma ya klasiki ya Kihindi" na hataji ipi, mwogope kama ungemwogopa anayetangaza kufundisha "Kiafrika".

Dhana iliyonigharimu mimi ni nyingine: kwamba mwalimu mzuri utamjua kwa anavyocheza.

Nilielekezwa kwa mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, mtaa wa Mylapore hapo Chennai, nyuma ya hekalu la Kapaleeshwarar. Wanafunzi wake wote walimwita Amma, mama, nami nikafuata. Nilimkuta mkekani, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha kwa ajili ya goti. Mbele yake kibao kinene cha mti, mkononi kijiti. Nikasubiri ainuke acheze, nijue ninalipia nini. Hakuinuka siku hiyo, wala mwezi huo. Aligonga tu kijiti juu ya kibao huku akitamka, "teiya tei, teiya tei," na mimi nikipiga miguu chini. Nikajisemea moyoni nimeangukia kwa ajuza aliyestaafu.

Kumbe ndivyo ngoma hii ilivyofundishwa tangu zamani. Waliokuwa wakiisomesha ni wazee wa kiume walioitwa natuvanari, wenye mapigo, nyimbo na hatua zote kichwani, na wengi wao walifundisha wakiwa wameketi. Meenakshisundaram Pillai wa kijiji cha Pandanallur ndiye aliyewatoa wachezaji mashuhuri Rukmini Devi, Ram Gopal na Mrinalini Sarabhai, na hakuna anayemkumbuka kwa kupanda jukwaani kucheza. Alikuwa na sikio na kijiti.

Sikio lenyewe nililiona siku moja ya Ijumaa. Amma alikuwa akifunga maua ya yasmini kwenye uzi, kama wanawake wa Chennai wafungavyo vikuba vya nywele, na kijiti amekibana kwapani. Mimi napiga hatua ile ile ya kwanza, peke yangu, nyuma ya mgongo wake. "Kisigino cha kushoto," akasema bila kugeuka. Nikasahihisha, au nilidhani nimesahihisha. "Sasa unaharakisha cha kulia kukifunika cha kushoto." Hajainua uso. Hapo ndipo nilipoacha kungoja acheze.

Na hapo ndipo video za intaneti zinapogota. Video itakuonyesha hatua; haitakusikia wewe. Tena mchezaji wa kwenye kioo anakutazama uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako, na ukishazoea kinyume utatumia miezi kukifuta. Mimi nilikwenda kwa Amma na hatua tatu nilizojifunza kwenye simu, nikajiona nimetangulia. Alinitazama dakika nzima, kisha akanirudisha mwanzo kabisa. Kwetu mtu asiyejua kitu husemwa hajui alifu kwa kijiti. Nami nilikuwa na kijiti mbele ya macho yangu, na alifu siijui.

Alifu ya bharatanatyamu huitwa adavu. Ni hatua za msingi, makundi kwa makundi, na kila moja unaipiga kwa mwendo wa polepole, kisha maradufu, kisha maradufu tena, bila pigo la kijiti kubadilika. Anayeanza hudhani ule wa haraka ndio mgumu. Sivyo. Kwenye haraka makosa yanajificha. Kwenye polepole mguu unakaa hewani na kila mtu anauona unatetemeka. Mwalimu mchanga atakupitisha adavu kwa miezi mitatu akupe wimbo, ili mzazi aone amepata kitu. Amma alinishikilia humo karibu mwaka. Kalakshetra, chuo kikubwa cha sanaa hii pale Chennai, stashahada yake ni ya miaka 4, na hao ni watu wanaoshinda humo kutwa.

"Lakini usipoanza na miaka mitano umechelewa." Rukmini Devi Arundale, mwenye kukianzisha chuo hicho mwaka 1936, alizaliwa mwaka 1904, na mbele ya hadhira alicheza ngoma hii kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Piga hesabu mwenyewe. Nyonga za mtoto hufunguka upesi, hilo ni kweli, ila mtu mzima ana subira ambayo mtoto hana. Nayo imani ya kwamba mwili lazima uwe mkamilifu, aliijibu mchezaji Sudha Chandran: alikatwa mguu baada ya ajali ya mwaka 1981, akarudi jukwaani mwaka 1984 kwa mguu wa bandia.

Magoti ni habari nyingine. Mkao wa ngoma hii, aramandi, ni nusu ya kuchuchumaa: visigino karibu kukutana, magoti yameelekea pembeni, mgongo wima kama mlingoti. Anayetaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini huku mgongo hauinami hata kidogo. Yanayokunjwa ni magoti, na yanafunguliwa na nyonga. Wengi hulazimisha nyayo zielekee nje huku nyonga zimefungwa, goti likapindika katikati, kisha wanaambiana kuwa maumivu ndiyo mazoezi yenyewe. Misuli ya mapaja kuwaka moto ni kawaida. Goti kuchoma kwa ndani si kawaida, na mwalimu anayekuambia uvumilie huyo mkimbie. Chunguza na sakafu pia. Miguu ni mitupu na inapigwa kwa nguvu, na vigae vilivyolazwa juu ya zege havipokei pigo. Linakurudia lote kwenye muundi.

Wengine huja wakitaka mikono, kwani wamesikia ni lugha ya ishara. Kitabu cha zamani cha Abhinaya Darpana kinahesabu ishara 28 za mkono mmoja, na mwanafunzi huzikariri kwa wimbo kama mtoto wa chuoni na juzuu yake. Ila si kamusi. Chukua ya kwanza kabisa, pataka, yaani bendera: vidole vimenyooka na kushikana, gumba limekunjwa. Mkono huo huo ni wingu, ni msitu, ni mto, ni usiku, ni farasi, ni upepo, ni katazo. Kinachotenganisha usiku na mto ni jicho, shingo na mahali mkono unapopita. Amma aliniambia nicheze mto. Nikapeleka mkono kwa mawimbi, nzuri tu. Akaniuliza, "Maji yako baridi?" Nikabaki kimya. "Basi hujaingia bado."

Sasa ile dhana inayouzwa na vipeperushi: sanaa ya miaka 2,000, imeshuka kutoka mahekaluni haijaguswa. Natya Shastra, kitabu cha kale cha sanaa za maonyesho, kweli ni cha umri wa karibu miaka hiyo. Lakini ngoma unayofundishwa leo iliitwa sadiri, na waliokuwa nayo ni wanawake walioitwa devadasi, waliocheza hekaluni, kwenye majumba ya wafalme na kwenye harusi. Mpangilio wa onyesho, kutoka alaripu ya kufungulia mpaka tilana ya kufungia, ulitengenezwa na ndugu wanne wa Thanjavur mwanzoni mwa karne ya 19. Kisha wakaja wanamageuzi waliowaona wanawake wale kuwa ni malaya tu. Mwaka 1947 sheria ya jimbo la Madras ikapiga marufuku kuwaweka wakfu hekaluni. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 na 1940 mabinti wa matabaka ya juu waliichukua ngoma, ikabadilishwa mavazi na jukwaa, na jina bharatanatyamu likashika. Rukmini Devi alipunguza mahaba ndani yake. Mchezaji Balasaraswati, aliyetoka katika ukoo wa devadasi, alishikilia hadi kifo chake mwaka 1984 kwamba mahaba ndiyo moyo wenyewe. Mimi niko upande wa Balasaraswati, ingawa Amma aliyenifunza alikuwa wa upande wa pili na tulikuwa tukibishana hadi chai inapoa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu ni bani yake, yaani njia aliyorithi: Pandanallur, Vazhuvoor, Thanjavur, Kalakshetra. Sikio letu la pwani linasikia Bani Israili, na maana kweli haiko mbali. Mwenye ujuzi atakutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Anayebabaika hapo, shika njia yako.

Kuhusu dini niseme kwa uangalifu, maana mimi ni Mwislamu. Nyimbo nyingi zinamsifu Shiva, Krishna au Murugan, na somo hufunguliwa kwa namaskaramu, kuigusa ardhi na kuiomba radhi kwa kuikanyaga. Anayekuambia hakuna dini humo anakudanganya. Anayekuambia ni ibada tupu naye hajui kwamba kathaki ilistawi katika mji wa Lucknow chini ya Wajid Ali Shah, mtawala Mwislamu aliyeondolewa na Waingereza mwaka 1856, wala kwamba mmoja wa waimbaji wakubwa wa kathakali, Kalamandalam Hyderali, alikuwa Mwislamu. Mahekalu mengine yalimkatalia kuingia, na sauti yake hawakuacha kuitaka. Mimi nilimweleza Amma siku ya kwanza. Akasema ardhi niiombe radhi, ya wengine niwaachie wenyewe. Kila mtu atapima yake.

Eti ngoma hizi ni za wanawake? Kathakali yote ilikuwa ya wanaume.

Halafu arangetramu. Familia nyingi, hasa zilizo ughaibuni, huichukulia kama mahafali: ukumbi, wapiga ala, mavazi ya hariri, kadi za mwaliko, gharama inayokaribia harusi. Neno lenyewe kwa Kitamil ni kupanda jukwaani tu, mara ya kwanza, peke yako. Baada yake ndipo mwalimu huanza kukufundisha mambo.

Mimi sikufika huko. Miaka mitatu haikutosha na ada ya chuo ilikuwa imekwisha. Lakini wiki ya mwisho Amma alinipa kijiti nimgongee mtoto wa miaka minane aliyekuwa ameanza juzi. Teiya tei, teiya tei. Kufika mara ya tano mkono wangu ukaanza kukimbia. Mtoto akasimama, aramandi yake haijatikisika, akanitazama akingoja nimalize.