Uppark: jumba lililoungua, kuta zikabaki

Uppark ni jumba la kitajiri juu ya kilima, Sussex, kusini mwa Uingereza. Liliungua tarehe 30 Agosti 1989, likafunguliwa tena 1995, na tangu hapo limezungukwa na maneno.

Dhana: Hili ni jumba jipya lililovishwa nguo za kizee.

Ukweli: Kuta za matofali, zilizojengwa karibu na mwaka 1690 kwa ajili ya Ford Grey, Earl (cheo cha ukabaila) wa Tankerville, hazikuanguka. Moto ulianzia paani ukashuka. Ghorofa ya juu iliteketea, lakini kabla haujafika chini watu walijipanga mstari, wakapokezana picha, viti, mazulia, hata nyumba ya wanasesere. Kifusi nacho hakikutupwa. Kilijazwa kwenye maelfu ya mapipa ya taka, kikachekechwa, na vipande vya lipu na mbao za nakshi vilivyookotwa humo vikarudishwa mahali pake.

Dhana: Jumba liliponzwa na uchakavu.

Ukweli: Liliponzwa na ukarabati. Mafundi walikuwa paani wakiunga mabamba ya madini ya risasi kwa moto wa gesi, na kazi ilikuwa imebakiza siku chache tu iishe.

Dhana: Limerudishwa likang'aa kama siku lilipohamiwa.

Ukweli: Hapa ndipo palipo utamu. National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria linalolimiliki tangu 1954, halikulenga 1690. Lililenga siku moja kabla ya moto. Kwa hiyo rangi mpya zilichanganywa zionekane zimepauka, na karatasi mpya za ukutani zikafifishwa zilingane na zile kuukuu zilizookolewa. Wapo wanaouita uamuzi huo udanganyifu. Mimi naona udanganyifu mkubwa zaidi ungekuwa kufuta miaka mia tatu ya jua na moshi. Dari ndizo zilizosumbua. Ilibidi mafundi wajifunze upya kufinyanga maua kwa mkono, kwa lipu ya chokaa iliyotiwa nywele za wanyama.

Dhana: Mabilionea walichanga.

Ukweli: Sehemu kubwa ya gharama, mamilioni ya pauni, ilitoka kwenye bima.

Wageni wengi hutazama juu, kwenye dari hizo. Kumbe sehemu iliyoguswa kidogo zaidi na moto iko chini kabisa, kwa watumishi, alikofanya kazi Sarah Wells, mama yake mwandishi H. G. Wells, kama msimamizi wa nyumba kuanzia 1880 hadi 1893.