Kuatachi na kuditachi memori ya pamoja kwenye C ni nini hasa

Kwenye Linux kila prosesi (programu inayoendeshwa) ina memori yake, haiwezi kuchungulia ya mwenzake. Sasa kuna wakati prosesi mbili zinataka data ileile bila kuikopi kila saa, mfano moja inapokea picha za kamera nyingine inazichakata, hapo ndo inaingia memori ya pamoja. Naongelea ile ya System V (aina moja ya Unix), ya zamani kweli lakini utaikuta bado.

shmget inakutengenezea segimenti (kipande cha memori ya pamoja) na kukupa namba yake (id), basi. Huwezi kuandika kitu humo mpaka uatachi, yaani uiambie keneli (kiini cha Linux) iiunganishe ile segimenti na anwani za prosesi yako halafu ikupe pointa:

char *p = shmat(id, NULL, 0);

Hiyo NULL maana yake keneli ichague yenyewe mahali pa kuiweka, na we muache achague tu. Ila cheki vizuri hapa, shmat ikifeli hairudishi NULL kama malloc, inarudisha (void *) -1, kwa hiyo ukiandika if (p == NULL) kosa linakupita hivihivi unakuja kushtukia segfault (programu inauawa kwa kugusa memori isiyoruhusiwa) huko mbele. Na kwa vile keneli ndo inachagua, prosesi A inaweza kuiona segimenti kwenye anwani hii na B kwenye nyingine kabisa, so usihifadhi pointa humo ndani, hifadhi ofseti (umbali kutoka mwanzo wa segimenti).

Kuditachi ni shmdt(p). Hiyo p iwe ileile uliyopewa na shmat, kama ulikuwa unaisogeza na p++ itakataa na kosa la EINVAL, bora uweke kopi ya pointa ya mwanzo pembeni. Ukishaditachi, kugusa p tena ni segfault.

Sasa hapa ndo watu wengi wanachanganya: kuditachi SIO kufuta. We umejitoa tu, data iko palepale na mwenzako anaendelea nayo, na hata wote mkijitoa au programu zikifa segimenti inabaki inakula memori mpaka mashine iwashwe upya au mtu aifute. Andika ipcs -m kwenye terminali uangalie safu ya nattch, hiyo ni idadi ya walioatachi, ukikuta 0 na hakuna programu inayoihitaji tena ujue mtu kaitelekeza.

Kufuta ni shmctl(id, IPC_RMID, NULL). Kama bado kuna walioatachi haiondoki hapohapo, inawekewa alama tu (ipcs inaonyesha dest) halafu inasubiri nattch ifike 0. Ndo maana kwenye Linux wengine wanaita IPC_RMID mara tu wote wakishaatachi, hata programu ikikrashi katikati keneli inaiditachi yenyewe na segimenti inaondoka. Kwa zile zilizokwisha kubaki, ipcrm -m na namba yake.