Je, wajua uzito wa mtafiti wa saratani hupimwaje?

Fungua ukurasa wa mtafiti yeyote kwenye Google Scholar, tovuti ya kutafutia makala za kisayansi. Kabla hujasoma hata kichwa cha makala yake moja, kuna tarakimu pembeni zinakukodolea macho: kazi zake zimerejelewa mara ngapi, na fahirisi yake ya h ni ngapi. Wanaogawa fedha za utafiti na wanaopandisha watu vyeo huzitupia jicho mapema sana.

Kurejelewa ni jambo jepesi. Mwanasayansi akiandika makala, mwishoni huorodhesha kazi za wenzake alizozitegemea. Ukitajwa kwenye orodha ya mwingine, umepata alama moja. Eugene Garfield wa Philadelphia ndiye aliyeanza kuzikusanya orodha hizo kwa mpango katika miaka ya 1960. Fahirisi ya h ilikuja baadaye, mwaka 2005, kutoka kwa mwanafizikia wa California aitwaye Jorge Hirsch. Ni namba kubwa kabisa ambayo una makala kwa idadi hiyo, na kila moja imerejelewa angalau mara hizo hizo.

Mchukue daktari mwenye makala tano. Ya kwanza imerejelewa mara 40, ya pili 12, ya tatu 4, ya nne 3, na ya tano haijaguswa na mtu. Anazo makala zisizopungua tatu zilizofikisha angalau marejeo 3 kila moja, lakini hana nne zilizofikisha 4. Basi h yake ni 3. Zile 40 zingekuwa 4,000, angebaki na 3 yake vilevile. Na usidhani anayerejelewa sana ndiye aliyegundua makubwa: makala iliyorejelewa kuliko zote, zaidi ya mara 300,000, ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, na ni maelekezo tu ya kupima protini maabara. Karibu sawa na mapishi.

Sasa mweke Denis Burkitt kwenye mizani hiyo.

Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland Kaskazini, jicho lake moja lilipotea utotoni, na kazi yake ilikuwa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Majipu hayaji hivyo, na uvimbe wa saratani kwa kawaida huanza mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani: mtoto mwingine kaketi kwenye majani na mama yake, uso umevimba vilevile. Burkitt akatoka kwenda kumpima. Tumboni nako akakuta uvimbe.

Makala yake ilitoka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Kimya. Tena aliuita uvimbe huo sakoma, yaani saratani ya mifupa, misuli na tishu za namna hiyo. Wanapatholojia wa Mulago, yaani madaktari wanaochunguza tishu za wagonjwa, Greg O'Conor na Jack Davies, ndio walioonyesha kwamba ni limfoma, saratani ya chembe nyeupe za kinga. Hata hivyo ugonjwa ukabaki na jina la Burkitt peke yake, jambo ambalo mimi naona liliwapunja.

Mambo yalibadilika Machi 1961, Burkitt alipotoa mhadhara London na mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, akawa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Siku moja ya Desemba 1963 ukungu ukaizuia ndege kutua London, ikaelekezwa Manchester. Kifurushi kilipofika, maji ndani ya chupa yalikuwa yamechafuka, mtu angesema ni bakteria, kitupwe. Epstein akatia tone chini ya hadubini akakuta seli za uvimbe zikielea, hai. Kutoka kwenye seli za namna hiyo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi, wakakitangaza 1964: cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt mwenyewe, mwishoni mwa 1961, alikuwa barabarani. Yeye na madaktari wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakaenda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, maili 10,000 hivi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama watoto wa namna ile huonekana. Nyanda za juu zenye baridi hawakuonekana, wala penye ukame. Ramani iliyopatikana ilishabihiana na ya malaria, na ndivyo malaria ilivyoingia kwenye hesabu ya ugonjwa huu.

Safari ya wiki kumi ilizaa marejeo, ndiyo, lakini hesabu hiyo inavuja. Daktari wa Mwanza au Kisumu akiandika leo “limfoma ya Burkitt”, haoni haja ya kurejelea makala ya 1958, kama vile wewe unavyokwenda kupiga eksirei bila kumtaja Röntgen, aliyeigundua miale hiyo.