Mtoto Aliyeganda Mbele ya Kioo Hana Kasoro

Tangu video za kipimo cha kioo, ambacho mtoto akijifuta alama aliyopakwa usoni huhesabiwa kuwa anajitambua, zianze kusambaa WhatsApp, dawati letu la ustawi wa jamii linapokea wazazi wenye hofu ileile. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kapakwa lipstiki puani, kawekwa mbele ya kioo, kaganda anajitazama, hakujifuta. "Afisa, huyu anajijua kweli?" Anajijua.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Heidi Keller, na wenzake walilinganisha watoto wa miezi 18 hadi 20 wa Athens, wa Costa Rica na wa jamii ya Wanso, Kamerun. Wa Athens, waliozoeshwa kutazamana uso kwa uso na kuchezeshwa vitu, walijitambua kiooni mapema zaidi. Wanso, waliokulia kifuani na mgongoni, waliwatangulia katika kujizuia na kufuata wanachoagizwa. Wa Costa Rica walikuwa katikati. Utafiti mwingine wa 2011 uliwapima watoto 82 wa Kenya, wengine wamefikisha miaka 6. Waliofaulu ni 2 tu. Tuseme 80 waliobaki hawajijui? Tafadhali.

Mtoto wetu huanza kujijua kupitia watu. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu". Baba anamwita bintiye "mama", kwa kuwa karithi jina la mama yake, na binti anaitika bila kusita. Nisinukuliwe vibaya: mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, kwa jina lolote, apelekwe kliniki.

Na hapo kwenye jina ndipo wengi wanapozembea. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya jina, utaifa na kuwajua wazazi na ukoo wake, na kumwandikisha ni wajibu wa mzazi au mlezi. Anayezaliwa kituo cha afya hupewa tangazo la kizazi. Anayezaliwa nyumbani, taarifa ipelekwe kwa mtendaji. Usajili ufanyike ndani ya siku 90. Tangazo si cheti cha kuzaliwa. Narudia, si cheti, hata ukililaminisha. Anayekiuka haki zilizo katika sehemu hiyo ya sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili.

Aliyepoteza tangazo aje na kadi ya kliniki. Kioo kibaki nyumbani.