Jamani, acheni rangi kwanza, pimeni mshono

Kikundi cha kwilti, yaani blanketi la tabaka linaloshonwa kwa vipande vya vitambaa, kikipanga kubadilishana bloku, ile miraba ya vipande inayoungwa kuwa kwilti, mjadala ni ule ule kila mara: rangi. Bluu na krimu au bluu na kijivu? Nyekundu iruhusiwe? Wiki inakatika hapo, halafu mtu anafunga kikao kwa kauli inayonipandisha presha: "Vipimo msihangaike navyo. Robo inchi ni robo inchi, na kukiwa na tofauti pasi itanyoosha."

Pasi hainyooshi hesabu. Na robo inchi, ile akiba ya kitambaa inayobaki kati ya mshono na ukingo, ya mtu na ya mwenzake hazilingani mpaka zipimwe.

Chukueni bloku ya inchi 12 kamili, ambayo kabla ya kuungwa na nyingine inapaswa kupima 12½. Mshonaji wetu anashona akiba ya 5/16 badala ya 1/4. Amezidisha 1/16, nyuzi chache tu za kitambaa, na kwa macho hakuna anayeona. Lakini kila mshono una pande mbili, kwa hiyo kila mshono unamla 1/8. Bloku ya vipande vinne, vilivyokatwa 6½, ina mshono mmoja kwa upana: itatoka 12⅜. Ya vipande tisa, vilivyokatwa 4½, ina miwili: 12¼. Ya vipande 36, sita kwa sita, vilivyokatwa 2½, ina mitano: 11⅞. Mkono ule ule, cherehani ile ile, kosa lile lile, na bado kuna bloku tatu za vipimo vitatu. Sasa wawekeni hapo watu kumi na wawili, kila mmoja na kosa lake na muundo wake, halafu mniambie pasi itafanya nini.

Wanaotumia sentimita wana balaa lao. Robo inchi ni milimita 6.35. Anayesema "nusu sentimita inatosha" amepunguza milimita 1.35 kila upande, yaani 2.7 kwa mshono. Mishono minne ikipita, bloku yake imezidi kwa zaidi ya sentimita nzima. Mchoro ukiwa wa inchi, kateni kwa rula ya inchi. Ukiwa wa sentimita, wote sentimita. Msigeuze katikati.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hudhani ni maringo ya mafundi: robo inchi pungufu. Ukishaukunja mshono na kuupiga pasi, kitambaa hupanda juu ya uzi na ule mkunjo hula upana kidogo. Ukishona robo inchi sawasawa kwenye rula, kipande kilichopigwa pasi kitatoka kidogo kuliko mchoro unavyosema. Ndiyo maana sindano husogezwa unyuzi mmoja au miwili ndani ya robo. Kiasi gani hasa? Inategemea unene wa uzi na uzito wa pamba, kwa hiyo jibu la mwenzako halikusaidii. Mguu wa cherehani ulioandikwa robo inchi nao si dhamana, kwa sababu sindano haikai mahali pamoja kwenye kila mashine.

Kipimo pekee ninachokiamini ni hiki. Kata vipande vitatu vyembamba vya upana wa inchi 1½ na urefu wa kama inchi 4. Viunge ubavu kwa ubavu, vipige pasi, kisha pima. Upana wote uwe 3½, na kipande cha katikati kionekane inchi 1 kamili. Kikitoka 3⅜, akiba yako ni pana mno: sogeza sindano kulia, au sogeza ile tepu uliyobandika kwenye bamba la cherehani kama alama. Rudia mpaka itoke 3½. Usibadilishe uzi baada ya hapo. Kila mwanachama alete kipande hicho cha majaribio kabla hajakata kitambaa cha kikundi, na asiyeleta asipewe kitambaa. Najua linasikika kama sharti la mtihani, na sijui kama kila kikundi kina uvumilivu huo. Watu huja kushona ili wapumzike. Lakini kung'oa mishono ya bloku thelathini si mapumziko pia.

Pasi sasa, kwa kuwa imetajwa. Inashushwa na kuinuliwa, haisukumwi kama ya shati. Kipande kilichokatwa mshazari hakina mtande wala mshindio, yaani nyuzi za urefu wala za upana, wa kukishikilia pembeni, ukikisukuma kinavutika, na pembetatu inageuka umbo ambalo halina jina. Ndiyo sababu miraba ya pembetatu mbili msiikate kwa ile hesabu ya kuongeza inchi 7/8 juu ya ukubwa kamili mnapofanya kazi ya kikundi. Ongezeni inchi nzima. Kwa mraba wa inchi 3 kamili, kateni miraba miwili ya 4, moja nyeupe na moja ya giza, chora mstari wa kona kwa kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kata juu ya mstari, piga pasi, kisha punguza hadi 3½ huku alama ya pembe ya digrii 45 ya rula ikilala juu ya mshono. Kitambaa kidogo kitapotea. Kipotee.

Mishono ikipigwa pasi ilazwe upande mmoja au ifunguliwe, akiba moja huku na nyingine kule? Vitabu hujibu kwa uhakika ambao mimi sina. Ikilazwa upande wa giza, mishono inayokutana hushikana vizuri kama imelazwa pande tofauti. Ila bloku za watu tofauti zikikutana, nusu ya mara zote mnakuta imelazwa upande mmoja na pana uvimbe. Ikifunguliwa kunalala bapa, lakini anayetaka kushonea tabaka zote kwenye mfereji wa mshono hana kitambaa cha kushika pale. Kwa bloku za kubadilishana naelekea kuifungua. Kesho naweza kubishana na mimi mwenyewe.

Anayesema vipimo vinaua ubunifu aiangalie Kwilti ya Kumbukumbu ya UKIMWI, iliyotandazwa Washington, Marekani, tarehe 11 Oktoba 1987. Kila kipande kina futi 3 kwa 6, na vinane huungwa kuwa mraba wa futi 12 kwa 12. Ndani ya futi hizo watu wameweka chochote, nguo za marehemu hata midoli. Kilichofanya kazi ya maelfu ya wasiofahamiana iungane ni ule ukubwa mmoja.

Kufua kitambaa: fueni wote au msifue yeyote. Pamba hunywea, na iliyofuliwa ikikaa kando ya isiyofuliwa itavuta kwilti nzima baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Nyekundu na bluu nzito zijaribiwe kwa kusugua na kitambaa cheupe kilicholowa.

Bloku zimeshakuja na hazilingani? Tofauti ya 1/8 inavumilika: ile kubwa ikae chini, upande wa meno ya cherehani, bana kwa pini nyingi, meno yataisukuma mbele kidogo kidogo. Ikizidi robo utapata mikunjo. Usikimbilie kuzikata zote zifuate ile ndogo, maana ncha za nyota hukaa robo inchi kutoka ukingoni, na ukikata hapo mshono unazimeza. Zungusha fremu. Kwa zile bloku zetu za kuanzia 11⅞ hadi 12½, shona ukanda wa upana wa 1½ pande zote nne, kisha kata kila bloku iwe 13½. Kwenye bloku kubwa fremu itaonekana nusu inchi, kwenye ndogo 13/16. Kanda zinazotenganisha bloku zikiwa za kitambaa kile kile cha fremu, tofauti hiyo inapotea machoni.

Na rangi, kwa kuwa hamtaniacha: tatizo lake karibu kila mara ni weupe na giza. Geuzeni picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Kama vipande vyote vimekuwa kijivu kimoja, muundo hautaonekana hata mchague rangi ghali namna gani. Mnaporushiana picha za kuhamasishana, piga bloku kwa juu kabisa, mchana, rula ikiwa kando yake. Andika ukubwa uliokata na ukubwa uliopata. Kisha igeuze upige picha mgongo wake pia, tuone mishono imelala wapi.