Kupima madini mlimani si kuchimba

Kijiweni Ujiji, mtu akisikia wanajiolojia wameonekana na vifuko vya mchanga karibu na Milima ya Mahale, hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: mgodi unakuja, sokwe mtu wafungashe virago. Sivyo.

Kupima ni kutafuta nini huenda kimo ardhini. Mpimaji huingia kijitoni, huchota mchanga wa chini, huuchekecha hadi ubaki ule laini kama unga, huutia kwenye kifuko na kuandika namba. Kazi ya kutembea imeshafanywa na maji: yamekusanya chembe za mteremko mzima wa juu. Kinachobaki ni cha maabara. Macho hayaaminiki hapa, maana kinachong'aa mchangani mara nyingi ni ulanga tu. Ukiuparua kwa ukucha unabanduka kama gamba la mgebuka.

Hata majibu yakiwa mazuri, hayo bado si mashapo, yaani madini yaliyothibitishwa kuwa yapo ya kutosha kuchimbwa kwa faida. Mashapo huthibitishwa kwa kuchoronga mwamba, kisha hesabu ya gharama, kisha sheria. Na Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985.

Kupima na kulinda huweza kwenda pamoja: Marekani, sheria ya 1964 ya kulinda maeneo ya nyika, yaani pori lisiloguswa na binadamu, iliagiza yenyewe kwamba maeneo hayo yapimwe madini, na ikafunga mlango wa madai mapya ya uchimbaji kuanzia 1984. Ripoti zilifika hadi bungeni, wabunge wajue kinachoachwa chini wanapoamua mlima upi ulindwe.